TV ya bei chee ilivyomeza cherehani ya mama watoto

Mimi mwenzenu mwili hauna tatizo, ila mfuko uliwahi kushikwa na homa ya karibu mwaka mzima, na leo nimeamua kuwapasulia nani aliyeuambukiza. Wanoko wameshaanza kucheka, wanadhani ni kimada au kinywaji. Wala! Ni runinga. Tena runinga ya flati, inchi 32, ya bei chee, ile inayotundikwa ukutani kama kalenda ya duka la vipuri.

Naandika haya kwa sababu kila nikipita Kariakoo naona wenzangu wanatoka na maboksi. Mwingine yuko juu ya bodaboda, kaikumbatia TV kama mtoto mchanga anayepelekwa kliniki. Nikimwona najisemea moyoni, jamani, huyu naye kauliza nini kabla ya kutoa pesa zake? Mimi sikuuliza. Na ada ya kutouliza sikuilipa mimi, aliilipa mama watoto.

Tuanze mwanzo. Nyumbani kwetu tulikuwa na TV ya chogo, inchi 21, nzito kama gunia la mpunga, niliyoachiwa na kaka yangu alipohamia Mwanza. Vijana wa leo wanaicheka chogo, lakini sisi tuliokulia huku Bara tunaiheshimu. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na TVZ, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi tulikaa tukisubiri mpaka 1994, ndipo ITV na wenzake wakaanza kurusha matangazo. Kabla ya hapo mwenye TV alikuwa na deki na kanda zake za video, na watoto wa mtaa mzima tulijipanga kwenye mkeka sebuleni kwake, waliochelewa wakichungulia dirishani. Ukikorofishana na mtoto wa nyumba ile, basi wiki hiyo hauoni picha.

Chogo yangu ilipita mitihani mingi. Tarehe 31 Desemba 2012 walipozima mitambo ya analojia Dar es Salaam, watu walidhani ndiyo mwisho wake. Nikainunulia king'amuzi, ikaendelea kudunda. Juu yake palikuwa na kitambaa cha kufuma, maua ya plastiki na picha yetu ya harusi. Ilikuwa TV, ilikuwa kabati, ilikuwa na heshima yake.

Siku moja mwishoni mwa 2023 picha ikajikunja ghafla, ukabaki mstari mmoja mweupe katikati ya kioo. Sauti inasikika, watu hawaonekani. Fundi wa mtaani akaifungua, akaguna, akaifunga. Akasema kifaa kilichokufa hakipatikani tena madukani, labda kwenye chogo nyingine iliyokufa kwa ugonjwa tofauti. Tukaizika stoo.

Sasa hapo ndipo shetani alipopita. Mama watoto anacheza upatu na wenzake, wako kumi, kila mmoja anatoa elfu 30 kwa mwezi. Zamu yake ikaangukia mwisho wa Desemba, laki tatu taslimu. Pesa hiyo ilikuwa na kazi yake. Alikuwa ameshaongea na mama mmoja wa mtaa wa pili amuuzie cherehani ya kukanyaga, nzima, iliyotumika kidogo, kwa bei hiyohiyo ya laki tatu. Shule zinafunguliwa Januari, na kila mzazi anatafuta wa kumshonea mtoto sare. Wateja sita walikuwa wameshampa neno.

Mimi nikaona Januari ile ile kwa jicho lingine. Taifa Stars wanakwenda Ivory Coast kwenye fainali za Mataifa ya Afrika, halafu mimi mwanaume mzima niende kuangalia mechi kwenye banda la video kwa kiingilio? Nikaanza maneno. "Mke wangu, nikopeshe tu, mwisho wa mwezi mshahara ukitoka nakurudishia yote. Cherehani haikimbii." Akaniangalia sana. Akasema, "Baba watoto, cherehani haikimbii, wateja wanakimbia." Nikasema sana, nikaapa sana, hatimaye akafungua fundo la kanga akanipa.

Nikaingia Kariakoo. Wale vijana wa mlangoni mnawajua, hawamwachi mtu apite. "Karibu bosi! Flati, smati, dabo glasi, waranti mwaka mmoja, ingia uone anko!" Duka la kwanza walikuwa na inchi 32 ya kampuni inayojulikana, wakasema laki nne na elfu 30, risiti ya mashine humohumo. Nikaona hawa wananionea. Duka la tatu nikakuta ya laki mbili na elfu 80. Jina lake lilifanana na la kampuni kubwa, ila herufi moja ilikuwa imehama makazi. Boksi limeandikwa kila aina ya sifa, na kasuku wa rangi saba amekaa katikati. Kijana akaiwasha, kasuku akaruka, maji yakamwagika kwenye maporomoko, rangi zikameremeta mpaka nikahisi baridi. Nikasema hii hapa.

Nikaomba risiti. Akaniambia ya mashine bei inapanda, ya mkono bei ni ileile. Nikachukua ya mkono. Waranti je? Akachukua kalamu, akaandika nyuma ya risiti: mwaka 1. Basi, hakuna muhuri wala namba ya mashine. Elfu 20 iliyobaki nikalipa bajaji, nikarudi nyumbani kifua mbele kama mbunge aliyeshinda kura za maoni.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilisahau kumwangalia nani anatembezwa.

Usiku ule majirani walijaa. Tatizo la kwanza likaanza palepale: kitambaa cha kufuma kikae wapi? Flati haina mgongo. Mama watoto akakitandaza juu kikaning'inia mbele, rimoti ikagoma kufanya kazi. Nikabonyeza mpaka kidole kikauma, kumbe kitambaa kimeziba kile kijicho kinachopokea rimoti. Tukacheka, kitambaa kikahamia kwenye kochi.

Tatizo la pili lilikuwa sauti. Flati zimekuwa nyembamba mno, spika hazina pa kukaa, zimewekwa chini au nyuma zinaongea na ukuta. Mtangazaji wa mpira alisikika kama yuko ndani ya debe. Nikaambiwa dawa yake ni sabufa. Elfu 95. Kuitundika kunahitaji braketi na fundi wa kutoboa ukuta, elfu 15. Waya wa HDMI wa kuunganisha king'amuzi, kwa sababu kwa ule wa zamani wa njano, nyekundu na nyeupe picha ilitoka na ukungu, elfu 10. Jumlisha mwenyewe: laki mbili na themanini imekuwa laki nne kamili, na bajaji sijaiweka. Sisemi kwamba ile ya dukani kwa kwanza isingetaka braketi. Ninasema tu kwamba ile tofauti ya bei niliyojisifia nayo ilibaki elfu 30. Na pesa hizo za nyongeza zilitoka kwenye mshahara uleule niliomwahidi mama watoto.

Tatizo la tatu lilikuwa dogo lakini ndilo lililonichoma. Mama watoto alikuwa ameshanunua futi ya kupimia nguo, akisubiri mashine. Jioni moja akaichukua, akaiweka kwenye kona ya chini ya kioo, akaivuta mpaka kona ya juu ya upande wa pili. Akasoma: sentimeta 76. Mwanangu wa darasa la sita akasema, "Mama, inchi moja ni sentimeta mbili nukta tano nne." Wakapiga hesabu kwenye daftari. Inchi 32 ni sentimeta 81. Yangu haikufika hata inchi 30. Kumbe ile 32 ilikuwa imehesabiwa na fremu! Mama watoto hakusema neno. Akaikunja futi yake, akairudisha kwenye kikapu. Afadhali angenitukana.

Stars nao mnakumbuka. Morocco wakatufunga tatu, tukatoka sare na Zambia, tukatoka sare na Kongo, tukarudi nyumbani na pointi mbili. Mwisho wa Januari mimi nina runinga na deni, wale wateja sita wa sare wameshashonewa na mtu mwingine, na yule mama wa mtaa wa pili ameshauza cherehani.

Nilidhani hapo ndiyo mwisho wa mkasa. Agosti 2024, mwezi wa saba tangu ninunue, tunaangalia taarifa ya habari usiku, kioo kikawa cheusi pa! Msomaji wa habari anaendelea kuongea, haonekani. Nikapiga piga ubavuni, kama tulivyoizoesha chogo. Wapi. Kesho yake nikaibeba Kariakoo na risiti yangu ya mkono. Kijana niliyemkuta si yule wa mwanzo. Akasoma risiti, akasema waranti ni ya mashine, siyo ya kioo. Nikamuuliza, TV bila kioo ni nini, redio? Akanionyesha kibao ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sikuwa na risiti halali, sikuwa na namba, sikuwa na pa kushika. Nikaibeba TV yangu nikaondoka, na safari hii sikuwa mbunge tena.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja wa Buguruni. Hakuigusa kwanza. Aliiwasha, akazima taa ya kibandani, akamulika kioo kwa tochi kwa karibu, akaniambia sogea. Nikaona vivuli vya watu vinatembea ndani ya kioo kile cheusi! "Umeona?" akasema. "Runinga yako haijafa kaka, imepofuka. Zimekata taa za nyuma."

Akanieleza kitu ambacho ningekijua Januari ningelala usingizi. Hizi flati tunazouziwa kwa jina la LED, kioo chenyewe hakiwaki. Kioo ni kama kanga iliyoanikwa dirishani: maua yake utayaona tu kama kuna jua nyuma yake. Jua lenyewe ni vitaa vidogo vilivyopangwa kwenye vipande virefu, vimeunganishwa kwa kufuatana kama taa za mapambo ya harusi za zamani. Kikikata kimoja, mstari mzima unazima. Sasa mtengenezaji anayetaka kuuza bei chee anaweka vitaa vichache, halafu anavisukuma kwa umeme mwingi ili kasuku ang'ae pale dukani. Vinapata moto, vinachoka mapema. Wakati mwingine vile vikofia vya plastiki vya kutawanya mwanga vinabanduka, ndipo unaona madoa meupe ya duara kwenye picha, kama mtu kaweka sarafu nyuma ya pazia.

"Na wewe ulikuwa unaangalia kwa mwanga gani?" akaniuliza. Nikamwambia kama ilivyotoka dukani, mwanga wote. Akatikisa kichwa. Kwenye mipangilio ya picha, tafuta palipoandikwa Backlight, siyo Brightness. Brightness inachezea weusi na weupe wa picha tu, Backlight ndiyo inayopunguza mwanga wa zile taa. Ishushe mpaka katikati. Usiku sebuleni wala hutaona tofauti kubwa, lakini taa zitapumua. Kama TV yako inakupa tu majina ya picha, iache ile ya Vivid au Dynamic, chukua ya kawaida.

Akanibadilishia vipande vyote vya taa, maana ukibadilisha kimoja vingine vinakufuata kaburini kwa zamu. Elfu 60. Wakati anafanya kazi nikaangalia kona ya kibanda chake, nikaona flati kama kumi zimeegemezwa ukutani, zote vioo vimepasuka. Nikauliza. Akasema, "Hayo ni makaburi. Taa natibu, bodi ya umeme natibu, kioo kikipasuka sitibu. Bei ya kioo kipya inakaribia TV nzima." Kimoja kilipigwa na rimoti, kingine na mpira wa mtoto, kingine mtu alikifuta kwa kitambaa kilicholowa maji yakaingia chini.

Basi wapenzi wasomaji, niliyoyapata kwa fundi na kwa uchungu wangu nawagawia bure. Mimi sisemi msinunue za bei chee. Walalahoi tuna haki ya kuangalia mpira na tamthilia kama wazito. Lakini kitu kikishuka bei, ujue kuna mahali kimepunguzwa. Kazi yako ni kujua wapi, halafu uamue kama unaweza kuishi nako.

Ukienda dukani nenda na futi. Pima kona kwa kona, kioo chenyewe bila fremu. Inchi 32 iwe sentimeta 81, inchi 43 iwe 109. Kijana akikushangaa mwache ashangae. Nenda na flashi yako yenye picha nyeupe tupu na nyeusi tupu. Kwenye nyeupe tafuta vidoa vilivyokufa na vivuli, kwenye nyeusi angalia kama mwanga unavuja pembeni. Simama mbele, kisha simama ubavuni, maana sebuleni si wote watakaokaa katikati. Jaribu kila tundu la HDMI na la USB, jaribu rimoti, sikiliza mtu anayeongea na siyo muziki tu. Yule kasuku wa dukani kazi yake ni kukuvutia, wewe omba chaneli ya kawaida.

Maneno ya kwenye boksi yasome kwa makini. Utaona imeandikwa 4K, kumbe maana yake inaweza kupokea picha hiyo na kuipunguza. Uliza kioo chenyewe kina nukta ngapi. Inchi 32 nyingi za bei nafuu ni 1366 kwa 768, yaani kama nukta milioni moja. Full HD ni 1920 kwa 1080, kama milioni mbili. 4K halisi ni 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane. Kwa sebule ya hatua tatu na inchi 32, ile ya milioni moja inatosha kabisa, ilimradi usilipe bei ya milioni nane.

Hilo neno smati nalo lina mambo. Yangu ilikuwa smati kwa jina, ukibonyeza inafikiri mpaka chai inapoa. Kuna programu zinazochagua. Netflix, kwa mfano, haifanyi kazi ipasavyo kwenye runinga ambazo haijaziidhinisha. Na hata zikifunguka, filamu ya saa moja kwa picha nzuri inaweza kula zaidi ya GB moja ya bando lako. Kama huna intaneti ya uhakika nyumbani, ni heri ununue isiyo smati yenye kioo kizuri. Ukipata pesa baadaye utachomeka kifaa pembeni.

Dabo glasi ni kioo kigumu kilichoongezwa mbele, na kwa nyumba yenye watoto kina faida, rimoti ikiruka hakikubali haraka. Lakini kinaongeza uzito, kinaakisi dirisha, na hakizuii taa za nyuma kukata. Yangu ilikuwa dabo glasi na bado ikapofuka.

Umeme ndio adui mwingine. Siyo kwamba flati zinakula LUKU, hapana. Angalia karatasi ya nyuma. Kama imeandikwa wati 50, ukiiwasha saa sita kwa siku ni sehemu tatu za kumi za uniti, kwa mwezi uniti 9. Chogo nyingi za inchi 21 zilikula wati 70 mpaka 100. Tatizo ni umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Zile bodi za bei chee zina ngozi nyembamba. Nunua kile kifaa cha kulinda umeme, kinachosubiri kidogo kabla ya kuruhusu. Ukiona radi, chomoa waya wa umeme na wa antena pia, usizime kwa rimoti ukaridhika. Na usiibanie TV kwenye kabati lisilopitisha hewa, wala usiifunike na vitambaa. Samahani mama watoto.

La mwisho, risiti. Dai risiti ya mashine ya EFD, yenye jina la duka, tarehe na bei halisi. Dai waranti iwe imeandikwa namba ya mashine, na iseme wazi inahusu nini, maana "mwaka 1" peke yake ni salamu tu. Hakikisha namba ya kwenye boksi na ya mgongoni mwa TV ni moja. Punguzo unalopewa kwa kukubali risiti ya mkono ndiyo bei uliyouzia haki yako ya kurudi pale dukani. Na ukishuku kwamba jina la kampuni limegushiwa, ipo Tume ya Ushindani, FCC, inashughulika na bidhaa bandia, lakini nako watataka uthibitisho kwamba ulinunua. Utawapelekea karatasi ya mkono isiyo na muhuri?

Sasa mtaniuliza, deni la mama watoto liliishaje? Nilianza kulipa elfu 50 kila mwezi kuanzia Mei, kwa sababu kabla ya hapo sabufa ilikuwa inanidai. Agosti fundi akachukua elfu 60, mwezi ule nikaruka. Hakunikumbusha hata siku moja, na hilo lilinitesa kuliko angenikumbusha. Novemba nikamaliza. Cherehani aliyoipata safari hii ilikuwa laki tatu na elfu 40, ile elfu 40 aliiongeza mwenyewe kwa mauzo ya vitumbua. Januari 2025 shule zilipofunguliwa alishona sare za watoto wanne. Wawili walikuwa katika wale sita wa mwaka uliopita, wanne waliobaki wamebaki kwa yule fundi mwingine mpaka leo. Alichosema kuhusu wateja kukimbia kilikuwa kweli.

Runinga bado iko ukutani, inaona, mwanga nimeushusha katikati. Cherehani imewekwa chini yake, karibu na dirisha. Jioni ananishonea kazi za watu huku tamthilia inaendelea, na mguu wake ukianza kukanyaga mashine, mimi ndiye ninayeambiwa nipunguze sauti ya sabufa ili asikosee mshono. Napunguza bila kujibu. Kila mtu anajua nyumba ile kitu gani kinaleta pesa na kitu gani kinazitoa.

Kwa leo niishie hapo. Kama na wewe umebeba boksi la kasuku wiki hii, usiku wa leo chukua futi ukapime kimya kimya, mama watoto akiwa jikoni. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.